Nyota ya Dada Mwantumu

Wiki iliyopita mjukuu wangu alikiangusha kichupa cha marashi ya mwaridi sebuleni, kikavunjika, na nyumba nzima ikajaa harufu ya Maalim Bakari. Najua wengi mwaridi huwakumbusha harusi. Mimi hunikumbusha mzee mmoja mwembamba wa Kimamba, aliyekuwa akikoroga zafarani kwa maji ya mwaridi ndani ya kikombe cha udongo, akachovya kalamu ya tete na kuandika kwenye ubao wake mambo ya maisha ya watu wengine. Nilimfokea yule mtoto zaidi ya alivyostahili. Alipomaliza kuzoa vigae, akaja na simu yake kunipoza.

"Bibi, ulizaliwa lini? Nikuangalizie nyota yako."

Nikamwambia nilizaliwa msimu ambao mvua ilizoa daraja la reli. Akacheka, akabahatisha mwezi, kisha akaanza kunisomea. Kumbe nyota yangu moja na mfalme fulani wa Ulaya, moja na jemadari aliyeteka nchi sijui ngapi, moja na mama mmoja aliyevumbua dawa. "Bibi, uko kundi la wakubwa!" alisema, kwa furaha ya kweli, nami nikatabasamu kwa midomo tu. Maneno kama hayo niliwahi kuyasikia nikiwa mdogo, barazani kwetu, na ndiyo yaliyommaliza dada yangu. Acheni niwaeleze ninyi, maana waliokuwepo siku ile tumebaki wachache na hatupendi kuyaongea.

Baba yangu, Mzee Athumani, alifanya kazi kwenye genge la kutengeneza reli. Alirudi jioni akinuka kutu na mafuta ya mataruma, yale magogo yanayolazwa chini ya reli, mikono imekakamaa hata kikombe cha chai kilikuwa kikilia akikishika. Hakujua kusoma, lakini alikuwa na uchu wa habari za watu wakubwa wa kale kuliko mtu yeyote niliyemfahamu. Siku za mapumziko alivaa kanzu yake na kwenda kwa Maalim Bakari, mzee aliyetoka pwani zamani akaweka makao karibu na soko la Kimamba. Pale walikaa hadi alasiri, na baba alirudi amebeba wafalme kichwani kama wenzake walivyorudi wamebeba samaki.

Maalim alijua elimu ya falaki. Ukimpa jina la mtu na jina la mama yake, alihesabu herufi, akatoa na kugawa, akakuambia mtu huyo ni nyota gani katika zile kumi na mbili na ni ya moto, udongo, upepo au maji. Halafu, na hili ndilo lililomvuta baba, alikutajia nani na nani wa zamani walikuwa na nyota hiyo. Nabii Suleiman alikuwa Asadi, yaani Simba. Iskandari aliyefika mwisho wa dunia, Simba. Baba alipouliza habari za yule chifu wa Uhehe aliyewahenyesha Wajerumani mpaka wakachoka, Maalim alifikiri kidogo, akasema naye bila shaka ni Simba. Baba aliifurahia ile "bila shaka" wiki nzima.

Tulimtania. Mama alikuwa akisema, "Baba Mwantumu, mbona wakubwa wote ni Simba? Nyota nyingine zilizaa nani, wapagazi?" Baba alicheka, kwa kuwa naye alikuwa amehesabiwa, na alikuwa Hamali, yaani kondoo. Alikubali ukondoo wake bila kinyongo. Alichokitaka ni kumpata simba mmoja ndani ya ukoo kabla hajafa.

Wakati mmoja, siasa zilipopamba moto na watu wa vijijini walipokuwa wakihamishwa kukaa pamoja, baba alimtaka Maalim ahesabu nyota ya wakubwa wa serikali. Maalim aliangalia kulia, akaangalia kushoto, akaona balozi wa nyumba kumi anapita na baiskeli. "Serikali haina nyota, Mzee Athumani," akasema. "Serikali ina katibu tarafa." Hadithi hiyo ilisimuliwa Kimamba mpaka nimekua.

Shuleni tulikuwa tunaimba nyimbo za kujitegemea na kulima pamba ya shule, na kwenye somo la historia mwalimu alitufundisha machifu waliopigana na wakoloni. Baba alinituma nikaulize mama zao waliitwa nani, ili Maalim awapatie nyota. Nikasimama darasani, nikauliza. Mwalimu akapekua kitabu mbele na nyuma. "Mama zao hawakuandikwa," akasema, "keti chini." Wenzangu wakanicheka, wakaniita Mama wa Chifu hadi muhula ukaisha. Baba alisikitika sana. Kitabu gani hicho, aliuliza, kinachoandika mtu aliua wangapi na hakiandiki aliyemzaa?

Alikuwa na haki ya kuuliza. Lakini hakuwahi kujiuliza swali hilohilo nyumbani kwake.

Mama yetu alitoka milimani, upande wa Wakaguru, kwenye nyumba ya Waanglikana walioishika misheni kwa mikono miwili. Alisoma shule ya misheni, alijua kusoma na kushona, na kwao aliitwa Damari. Alipoolewa na baba alisilimu, akapewa jina la Zainabu. Siku hizo ilikuwa kawaida kabisa. Wanawake walioteremka kutoka milimani kuja kuolewa bondeni walivua jina kama mtu anavyovua viatu mlangoni, na hakuna aliyeuliza tena majina yale yalikwenda wapi. Sisi tulilijua jina la Damari kwa sababu ya mjomba Yona tu, aliyekuwa akishuka na mfuko wa maharage na kumwita mama kwa sauti tangu njiani. Bibi mzaa baba alipokuwa hai, kila akilisikia aliacha kula chakula kilichopikwa na mama siku hiyo. Mama akamwomba kaka yake asimwite tena hivyo. Nyumbani alikuwa Mama Mwantumu, na mbele ya wageni Zainabu, basi.

Mwantumu ndiye kifungua mimba. Nilimpenda jinsi mtoto anavyompenda mtu anayemsuka nywele bila kumvuta. Alikuwa mrefu, mweusi wa kung'aa, mwenye kicheko kilichoanzia kifuani, na akisimulia jambo alikuwa anaigiza watu wote waliomo, mpaka kuku. Alipomaliza shule alikwenda kukaa na shangazi yetu Mikumi. Shangazi alikuwa na kibanda cha chai kandokando ya barabara kuu ya kwenda Iringa, ambapo madereva wa malori yaendayo Zambia walisimama kunywa chai ya maziwa na kula maandazi. Mwantumu alirudi likizo na harufu ya hamira na dizeli, amejaa visa. Ndovu wameingia usiku wakala ndizi za jirani. Dereva mmoja amekimbia bila kulipa na kumsahau utingo wake mezani. Halafu akaanza kututajia Idi. Idi kasema hivi, Idi kaona chatu, Idi hali maandazi yasiyo na iliki.

Idi alikuwa askari wa hifadhi. Nilimwona mara moja, alipomsindikiza dada mpaka Kilosa mjini, nami na mama tukaenda kumpokea. Kijana wa maneno machache, kaptura ya kaki iliyopigwa pasi, soksi mpaka magotini. Alimwamkia mama shikamoo akiwa ameinama kabisa, na mama akaitikia marahaba kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, laini. Kisha Idi akanipa mimi unyoya wa kanga wa mwituni. Mwantumu alitazama pembeni, akijifanya anatafuta mzigo wake. Hata mimi, pamoja na utoto wangu, nilielewa kwamba mzigo alikuwa ameushika mkononi.

Washenga wa Idi walikuja kiangazi. Wazee wawili waliopanda lori kutoka Mikumi hadi Kilosa na kumalizia njia kwa mguu, wamevaa makoti juu ya kanzu kwenye jua lile. Kwetu posa haijibiwi kabla nyota hazijapimwa, kwa hiyo baba alikuwa amemwita Maalim Bakari mapema. Waliketi wote barazani, kahawa ikazungushwa. Mama na Mwantumu walikuwa chumba cha ndani, nyuma ya pazia, mama akipeta mchele. Mimi nilikuwa uani, mahali ambapo niliweza kusikia barazani na kumwona mama kupitia mlango wa nyuma.

Maalim alianza na mwanamume. Mshenga akataja jina la Idi na la mama yake. Kalamu ya tete ikatembea kwenye ubao. Ilichukua muda.

"Kijana ni Asadi," akasema. "Simba. Nyota ya moto."

Nilimsikia baba akishusha kikombe. "Nyota ya Nabii Suleiman!"

"Na ya Namrudi pia, aliyetaka kumchoma Nabii Ibrahimu," Maalim akasema taratibu. "Tuseme yote, Mzee Athumani."

Baba hakuwa na haja na Namrudi. Alikuwa tayari anawaambia washenga habari za Iskandari na chifu wa Uhehe, nao wazee wa watu walitikisa vichwa kwa adabu, kana kwamba wao ndio waliompeleka Idi vitani. Simba wa baba alikuwa amefika. Nilifurahi hadi nikauma kidole.

"Haya, binti," akasema Maalim. "Mama yake nani?"

"Zainabu," akajibu baba.

Ungo wa mama ukasimama. Nilimwona. Mchele ulikuwa tayari hewani, ukaangukia nusu kwenye ungo na nusu mkekani, naye hakuuokota. Nilidhani amechoka. Halafu akaendelea kupeta, na ile sauti ya mchele ikarudi kama kawaida.

Maalim alifuta ubao, akaandika, akafuta. "Akrabu. Nge. Nyota ya maji."

"Nani na nani wako humo?" Baba aliuliza, lakini sauti ilikuwa imeshuka.

"Yumo Karuni, aliyemezwa na ardhi pamoja na hazina zake. Na yumo Bibi Asia, mke wa Firauni, aliyemwamini Mwenyezi Mungu ndani ya nyumba ya kafiri. Mja mwema sana huyo."

"Karuni," baba akasema.

"Na Bibi Asia."

"Karuni," baba akarudia, na nikajua Bibi Asia hakumfikia. Kwa Idi alimsikia Suleiman akamwacha Namrudi. Kwa binti yake mwenyewe alimsikia Karuni akamwacha Asia. Ubao ulikuwa mmoja, mzee mmoja, mchana mmoja.

Maalim, nimtendee haki, hakusema wasioane. Alisema maji huzima moto, kwamba katika ndoa ya namna hiyo mume hawi na umri mrefu, na kwamba yako madua ya kusoma na sadaka ya kutoa. Baba alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akawaambia washenga maneno ambayo aliyaona ya kiungwana, na mpaka anakufa aliamini yalikuwa ya kiungwana. "Siwezi kumchukua mtoto wa mwenzangu, nyota kama ile, nikampa kitu cha kumuua." Kitu. Alikuwa anamzungumzia Mwantumu.

Wale wazee waliondoka bila kumaliza kahawa. Mwantumu hakulia mbele yetu. Alichukua ufagio, akafagia ua uliokuwa umekwisha kufagiwa, na vumbi likatufanya wote tukohoe. Hakurudi tena Mikumi. Shangazi alituma salamu kwamba Idi alikuja kibandani siku nyingi, akakaa, akaagiza chai, akaiacha ikapoa.

Kabla mvua zilizofuata hazijaisha Mwantumu akaozwa Ruhembe, kwa Mzee Kibwana, mtu wa makamo, nyapara wa wakata miwa, mwenye mke tayari. Nyota yake ilikuwa Thauri, yaani ng'ombe dume, ya udongo. Udongo na maji havigombani, vinafinyangika. Tena ilikuwa nyota ya Nabii Ayubu, na baba alirudi kutoka kwa Maalim akitembea kwa wepesi. "Amepata mtu wa subira," alimwambia kila aliyekutana naye relini.

Mzee Kibwana alimpiga dada yangu tangu mwezi wa kwanza. Alimpiga kwa chumvi iliyozidi, kwa chumvi iliyopungua, na kwa kucheka, kwa sababu alisema kicheko kile kinaita wanaume. Mara moja dada alikuja nyumbani uso umevimba, jicho moja halifunguki, amebeba mtoto mgongoni. Mama alimkanda kwa maji ya moto. Baba alikaa naye barazani, akamshika mkono kwa upendo, na ninasema upendo kwa sababu ulikuwepo, akamwambia, "Ayubu alivumilia zaidi, mwanangu." Asubuhi akamsindikiza kurudi. Subira ya ile nyota ilikuwepo kweli, ila mwenye nyota hakuipata hata chembe. Yote aliibeba mkewe.

Mimi nilisoma, nikawa mwalimu. Baba alikufa, mama akamfuata. Nilikuwa mtu mzima, nina watoto, siku niliyokaa kwenye baraza moja Kilosa kwa posa ya binti wa rafiki yangu. Alikuwepo maalim mwingine, kijana, mwenye miwani. Alipofika kwa yule binti aliuliza, "Jina la mama yake? Lile alilopewa na mzazi wake siku ya kuzaliwa, siyo la ndoa wala la kusilimu. Huku Kilosa lazima niulize, wenzangu wa zamani kutoka pwani hawakuwa wanauliza." Watu wakacheka. Mimi niliuona tena ungo wa mama ukisimama, siku baba alipotaja Zainabu.

Nilisubiri wengine wakaondoka, nikamwomba ahesabu kwa ajili yangu. Mwantumu, mama yake Damari. Alihesabu harakaharaka, bila zafarani, kwa kalamu ya wino. Mizani, akasema. Nyota ya upepo. Akanitajia nani na nani, sikusikia. Nikamwuliza, na mume wa Asadi? Akainua uso. "Upepo na moto? Hao hawaachani, mama. Nani huyo?"

Msinielewe vibaya. Siamini kwamba nyota ziliwahi kumjua dada yangu, ziwe za Damari au za Zainabu. Idi aliyetabiriwa kufa mapema nilisikia amestaafu, ana wajukuu, ana kisukari kama sisi sote. Lakini nilikuwa na hasira ambayo haikuwa na pa kwenda. Kwa elimu yao wenyewe, kwa hesabu yao wenyewe, walimhukumu mwanamke ambaye hakuwahi kuzaliwa, Mwantumu wa Zainabu. Karuni hakuwa wake. Nikapanda basi kwenda Ruhembe kumwambia, nikijishawishi kwamba ana haki ya kujua.

Nilimkuta amekaa nyuma ya nyumba, mjane sasa, anapepeta mbaazi. Miguu yake ina makovu ya majani ya miwa kuanzia kifundo hadi goti. Nilimsimulia yote, nikilia, nikikatiza maneno, mpaka nilipofika kwenye jina la Damari. Hakuacha kupepeta.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua lini?"

"Siku ileile. Nilikuwa naye nyuma ya pazia. Baba aliposema Zainabu nilimshika mama mkono, nikamnong'oneza, mama waambie. Wewe ni Damari, waambie." Alipuliza makapi. "Akanijibu, mambo ya nyota ni upuuzi, mwanangu, misheni walitufundisha. Yaache yapite, nisije nikamwaibisha baba yako mbele ya wageni kwa jina la kanisani."

Mama, ambaye hakuamini. Kwa miaka yote nilikuwa nimemwekea lawama baba aliyeamini, na Maalim aliyeamini nusu. Sikuwahi kumfikiria aliyeona jambo lile ni la kijinga mno kiasi cha kutostahili kusahihishwa.

"Basi na wewe, Dada," nikasema, na nikasikia ukali ndani ya sauti yangu. "Mbona hukutoka ukasema mwenyewe? Ilikuwa maisha yako."

Hapo ndipo alipoweka ungo chini. Alinitazama kwa jicho lake zima na lile ambalo halikuwahi kupona vizuri.

"Nitoke mbele ya wanaume wazima," akasema, "nimtaje mama yangu jina lake? Wewe ungemtaja?"

Ninyi mnaonisoma mmelelewa kama sisi, mnajua jibu. Mtoto hamtaji mama yake kwa jina mbele ya wazee, hata akiitwa na mauti. Nikauvuta ule ungo kwangu, nikaendelea kupepeta mbaazi alipoachia.